Uyoga wa Bustani kwa Mama Mkwe

Mei 6, Jumatatu

Mvua tangu alfajiri. Nimesali, nimefungua duka, nimewasha mashine ya kopi. Imekohoa kama mzee wa kanisa anayetaka kutoa tangazo. Wino mweusi upo. Wa rangi umekwisha zamani, na sioni haja. Cheti cha kuzaliwa kikitoka cheusi na cheupe, mtoto si kazaliwa vilevile?

Shajara yangu, nina mzigo moyoni. Mama hali. Mama ni mama mkwe wangu, mamake Baba Watoto, anayekaa nasi tangu alipobaki mjane. Wiki nzima sasa anakigeuza chakula kwa kijiko kama anayetafuta pini, kisha anasema ameshiba. Ameshiba nini? Hewa? Nimempikia wali, viazi, maharage, samaki. Kila sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda.

Mchana kaingia Wifi. Ni dada yake Baba Watoto, binti pekee wa Mama, na hajawahi kuniacha nisahau hilo. Hakupiga hodi. Yalitangulia manukato, yeye akafuata. Kaiangalia sahani ya Mama, kaniangalia mimi, kasema wifi yangu, hata mgonjwa ana ulimi. Mungu anisamehe nilichokiwaza.

Ndipo Mama akafungua kinywa. Anachotamani ni uyoga. Si wa kununua! Uyoga wa porini, ule aliokuwa akipikiwa na bibi yake alipokuwa msichana mdogo. Alivyoutaja macho yakamng'aa, nikamwona huyo msichana waziwazi.

Wifi hakulisikia neno "porini". Masikio yake yana kazi moja tu, kubeba hereni. Alasiri karudi na trei ya uyoga wa supamaketi, mweupe, umefunikwa nailoni. Nikaukaanga. Mama akatafuna kichwa kimoja kwa muda wa zaburi ndefu, kisha akasema ni kama sponji ya kuogea. Nilifurahi kupita kiasi. Nimeshatubu.

Furaha fupi! Jioni Wifi kamkalia kitako Baba Watoto. Mama anadhoofika kwetu. Kwake chumba kimeshapakwa rangi. Jumapili baada ya ibada anamchukua. Baba Watoto anatengeneza mafriji na amekuwa baridi kama mafriji yenyewe. Akasema basi tuone. Mama akila sahani nzima Jumapili mchana, abaki. Asipokula, aende. Kisha akaendelea kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

Sitaki aende. Nakwambia wewe tu. Mama hukaa nami dukani kwenye kiti cha plastiki, anapiga pini karatasi za wateja, zote upande upande, na nikimsimulia vituko vya Wifi anacheka mpaka anashika mbavu. Bintiye mwenyewe, na anacheka! Mtu wa hivyo utampata wapi? Halafu kanisani watasema nini? Mama mkwe kamkimbia. Nitaimba kwa uso upi?

Mei 7, Jumanne

Mungu ni mwema. Bustani ya umma iko nyuma ya duka letu, naiona kupitia dirisha la choo. Leo nachungulia, nini hiki? Uyoga! Chini ya miti, kando ya mabenchi, hata ubavuni mwa pipa la taka. Umechomoza na mvua kama waumini siku ya chakula cha bure.

Hila yangu ilikuwa rahisi. Kuingia, kuinama, kuchuma, kutoka. Nikavaa kofia ya ibada, ile pana, ili niuweke humo. Getini kuna kibao: usichume chochote. Nikakisoma kwa heshima nikapita.

Sijanyooka vizuri, mlinzi huyu hapa. Bwana mwenye filimbi shingoni na tumbo linalofika kazini kabla yake. Akauliza, mama, unatafuta nini huko majanini? Nikasema naokota takataka, kwa utukufu wa Mungu. Uongo ulitoka laini hata mimi mwenyewe nikauamini. Yeye akauamini zaidi. Akasema watu wa aina yangu wamebaki wachache mno. Akakimbilia kibandani, akaniletea kizibao cha kung'aa, fimbo yenye msumari na gunia, akanionyesha kwa mkono: anzia kwenye bembea, malizia bwawani.

Nimeokota taka asubuhi nzima! Duka limefungwa. Wateja wangu wamekwenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara, ambaye kopi zake hutoka zimepinda kama tabia zake. Kila nikiuinamia uyoga, mlinzi ananipungia mkono wa kunitia moyo.

Na nani apite hapo? Wifi. Akaita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, haa, wifi yangu, umepata ajira? Hongera! Na sare imekukaa! Akanipiga picha. Kufikia jioni ilikuwa kwenye kundi la simu la ukoo mzima. Shangazi yake Baba Watoto kaweka kidole gumba.

Nilifaulu kuficha vichwa vichache ndani ya kofia. Nikaivaa. Nikasahau. Nikamwinamia mlinzi kumuaga, kofia ikagonga tawi. Sasa nina uji wa uyoga nyweleni.

Mei 8, Jumatano

Majibu ya maombi leo yameingia yamevaa miwani. Mhadhiri wa chuo. Mwembamba, suruali imeikimbia soksi, anaongea kama anayesoma maandishi ya dawa. Jumamosi ana mafunzo ya kutambua uyoga, humo humo bustanini! Upi huliwa, upi hauliwi. Wifi angejua Mungu anavyonijali, angehama mtaa.

Kaniachia karatasi zake nitoe kopi za darasa zima, aje kuzichukua Ijumaa. Kila karatasi ina picha ya uyoga mmoja. Nikatoa kopi za darasa, nikatoa na seti yangu mwenyewe. Si wizi. Ni kuijaribu mashine.

Kwenye karatasi zake kuna uyoga mwekundu, wa manjano, wa kahawia, hata wa zambarau. Kwenye zangu wote ni wa kijivu. Nimezitandaza mezani. Miavuli ya kijivu. Ukoo mzima wa miavuli ya kijivu! Sikufadhaika. Rangi ni mapambo, na mapambo nimewaachia akina Wifi. Mimi naangalia umbo na tabia.

Alasiri nikavaa kizibao cha kung'aa nikarudi bustanini. Mlinzi akanipigia saluti! Anayeokota taka hakaguliwi gunia. Nimerudi nalo limetuna.

Nikampangia Mama uyoga juu ya meza ya duka, aniambie upi ni ule wa bibi yake. Nikainua wa kwanza. Akapiga makofi, ndio huu! Nikainua wa pili, mrefu, mwembamba. Ndio huu hasa, mwanangu! Wa tatu, una kitu kama ute. Huu ndio wenyewe! Nikaingiwa na shaka, nikainua kifuniko cha chupa ya gundi. Akasema nao tulikuwa tukiula, ila mvua zikichelewa.

Kumbe Mama hakuwahi kuuona mbichi. Alikuwa akiletewa sahani tu. Basi nikachagua mwenyewe, kwa kufananisha na picha. Nimechukua ule mpana, mnene, wenye sura ya upole. Kwenye karatasi unaonekana kama mtu anayetoa zaka kwa hiari. Uyoga wa namna hiyo hauwezi kumdhuru mjane.

Mei 9, Alhamisi

Leo ni siku ya kipimo. Mwenzangu wa kwaya, yule wa sauti ya pili anayeimba kama ya kwanza, aliniambia uyoga unachemshwa na kitunguu. Kitunguu kikigeuka cheusi, una sumu. Kikibaki cheupe, karamu. Nikamwuliza alijulia wapi. Akasema kila mtu anajua. Ushahidi gani tena unautaka?

Nikabandika sufuria. Nikapiga magoti kuomba wakati inachemka. Nikaombea nchi, nikaombea watoto, nikamwombea Wifi apungue kiburi, na hapo ombi likawa refu. Nilipofumbua macho jiko zima moshi. Kitunguu cheusi! Uyoga mweusi! Sufuria nyeusi! Baba Watoto kaingia, kanusa, kauliza kama ni waya wa friji. Huyu bwana akifika peponi atauliza nani kaacha mlango wazi.

Nikatafakari. Je, ni sumu au ni mimi? Ni haki kurudia. Nikarudia na kitunguu kipya, moto mdogo, ombi fupi lisilomtaja Wifi. Kitunguu cheupe kama nguo za ubatizo! Nikaimba.

Tena hata kabla ya kupika nilikuwa nimemkuta konokono asiye na nyumba ndani ya gunia, anautafuna taratibu. Mzima wa afya. Hana haraka, lakini ndivyo alivyoumbwa.

Sijamaliza kuimba, Wifi huyo mlangoni. Kaona uyoga kapiga yowe. Wifi, unataka kuniulia mama? Nikamwambia atulie, mambo haya ni ya kitaalamu. Akacheka lile cheko lake la puani. Mtaalamu! Wa kuokota makopo! Akatoa simu, ina programu mpya ya kutambua kitu chochote duniani ukikipiga picha. Akaupiga uyoga wangu. Simu ikafikiri. Ikasema ni kofia ya mwanamume. Akaugeuza, akapiga tena. Ikasema mkate wa mviringo. Mara ya mwisho ikasema sikio. Wifi akadai taa ya duka langu ndiyo mbovu.

Alipoondoka akaninyooshea kidole chenye kucha ya dhahabu. Nikimdhuru mama yake, siku ya maziko yangu atavaa njano. Nikamwambia njano haikumpendeza hata harusini kwake. Mama alikuwa chumba cha pili, nikamsikia anacheka kwa kujiziba mdomo.

Uyoga mbichi uliobaki nimeuficha kwenye friji, nyuma ya barafu.

Mei 10, Ijumaa

Mhadhiri kaja kuchukua mzigo wake. Kazigeuza karatasi. Kazigeuza tena. Miwani ikamteremka puani. Akauliza, nyuma ziko wapi?

Nyuma zipi?

Kumbe nyuma ya kila picha palikuwa na maneno. Jina la uyoga, dalili zake, unafanana na upi, na kama unaliwa au unapeleka mtu kaburini! Mimi duka langu hutoa upande mmoja. Anayetaka mbele na nyuma husema, na yeye hakusema. Nikamweleza kwa upole kwamba jambo la maana huwekwa mbele. Ukimficha muuaji nyuma ya karatasi usimlaumu mwenye mashine. Msomi mzima! Akasema atarudi jioni, na atakaa juu ya kiti kile mpaka ziishe.

Nikachukua karatasi zilezile zenye picha, nikazirudisha mashineni zipigwe maneno nyuma. Mashine ikafanya kazi vizuri ajabu. Wakati huo nilikuwa nikimsimulia Mama habari za simu na sikio, tulicheka mpaka machozi.

Zilipotoka nikakimbilia karatasi yangu. Ule uyoga wangu mpana, wenye sura ya upole. Nikaigeuza. Imeandikwa: huliwa, mtamu, hupendwa na wengi, kaanga kwa mafuta kidogo.

Haleluya! Nikamkumbatia Mama. Hakujua sababu, akanikumbatia hivyohivyo. Mifupa mitupu, shajara yangu. Amekonda kuliko nilivyodhani.

Mhadhiri kachukua kopi zake bila kuzikagua. Alikuwa na haraka na pia, nadhani, alinogewa na hasira yake.

Mei 11, Jumamosi

Nimekwenda kwenye mafunzo, si kujifunza, bali kuhakikisha mwalimu hakosei. Watu kadhaa chini ya miti, vikapu mikononi, viatu visafi mno. Mlinzi kanipokea kwa mikono miwili kisha akashangaa kuniona sina fimbo. Wifi alikuwepo! Kamleta Mama kwa mkono, kamvalisha viatu vya raba kama mkimbiaji, na yeye mwenyewe kavaa mabuti mapya yenye maua. Akasema amekuja kulinda uhai.

Kazi ikaanza. Mhadhiri akaonyesha uyoga mgumu uliobandikana na gogo kama sahani iliyopigiliwa misumari. Akasema fungueni karatasi yenye picha hii, geuzeni, someni. Mzee mmoja aliyevaa suti kwa ajili ya uyoga akasoma kwa sauti ya hotuba: shina lake jembamba, laini, huvunjika ukiligusa.

Mzee akaligonga gogo. Ko, ko.

Akasoma mwingine. Picha ilikuwa ya uyoga mkubwa kama beseni. Nyuma imeandikwa: mdogo kama kifungo cha shati, ni vigumu kuuona. Watu wakaanza kucheka. Mhadhiri akanyakua karatasi, akatazama mbele, akatazama nyuma, akanitazama mimi. Mimi nikatazama mbinguni.

Nikajua papo hapo. Ukirudisha karatasi mashineni upige nyuma, lazima uzipange upya, ya mwisho iwe ya kwanza. Sikuzipanga. Nilikuwa kwenye hadithi ya sikio! Kila uyoga umebeba maneno ya mwenzake. Lakini semeni kweli, kuna neno hata moja lililopotea? Yote yamo. Watu wazima wameshindwa kuyapatanisha!

Ila nikakumbuka friji. Ule wangu mpana. Yale maneno "huliwa, mtamu" ni ya nani?

Mhadhiri akakusanya karatasi zote, uso mwekundu. Hata mimi ambaye mashine yangu haina rangi niliuona. Akasema leo mjifunze jambo moja tu. Hakuna njia ya mkato. Kitunguu hakipimi sumu. Konokono hula vinavyomuua mtu. Uyoga mmoja na mwingine hufanana kama mapacha, na mmoja ni chakula na mwingine msiba. Asiye na hakika kabisa autupe. Na humu bustanini mbwa hukojoa na dawa hupuliziwa, kwa hiyo hata mzuri haufai.

Wifi akanyoosha mkono, kucha juu. Je, mwalimu, wewe hula upi? Akajibu bila haya: mimi hununua supamaketi, wa kwenye trei.

Wa kwenye trei! Miaka yote hiyo ya chuo ili uishie kwenye trei! Ni kama mchungaji aseme yeye haombi, hutuma ujumbe. Wifi alinitazama kwa ushindi kana kwamba trei kaizaa yeye.

Ningemwuliza kuhusu uyoga wangu. Ulikuwa nyumbani, ningemweleza tu sura yake. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Wifi alikuwa amesimama hapo na simu mkononi, tayari kupiga picha ya swali langu. Nikakohoa, nikauliza kama kesho itanyesha.

Mama njiani alimwonyesha kila mtu uyoga aliouona, ndio huu, ndio huu. Alichoka karibu na geti. Tulimshika kila mmoja upande wake, mimi na Wifi, na kwa mara ya kwanza wiki hii tulikwenda hatua moja. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama karatasi.

Mei 12, Jumapili

Ibada ndefu. Mahubiri yalihusu waongo. Sikuona yananihusu, ila nilivuja jasho.

Begi la Mama tayari liko ndani ya gari la Wifi! Kalipakia kabla ya kanisa. Viatu, kanga, kitabu cha nyimbo, na mto wake anaolalia. Baba Watoto alilibeba mwenyewe, kwa sababu hana uwezo wa kumkatalia mtu yeyote mwenye sauti. Akaniambia mke wangu, apike atakayepika, mradi Mama ale. Hiyo ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote mwaka huu.

Nikaingia jikoni. Nikautoa uyoga nyuma ya barafu. Bado una sura ya upole. Nikaukata, nikatia vitunguu tele, mafuta, chumvi. Harufu ikajaa nyumba nzima. Mama akaita kutoka mezani, mwanangu, naisikia! Sauti yake ilikuwa na njaa. Wiki nzima sijaisikia ile njaa.

Wifi naye kaja na mfuko. Ndani, trei mpya ya supamaketi. Akaiweka juu ya meza ya jikoni, akasema ni akiba, kwa watakaotaka kuishi.

Nikabeba bakuli. Nimefika mezani, Mama akasema tuombe kwanza. Akafumba macho. Akaomba, Bwana, umbariki mkwe wangu huyu, aliyeinama matopeni na kuchekwa na watu kwa ajili ya tumbo langu mimi kikongwe. Na kama nimemwelemea, mwambie sikukusudia. Amina.

Shajara yangu, mikono ilikataa. Nilisimama na bakuli kama sanamu. Nikaona midomo ile inayocheka hadithi zangu, inasubiri. Nikawaza: huliwa, mtamu, maneno ya nani? Wifi akasema weka basi, au unauogopa? Nikasema nimesahau chumvi.

Nilirudi jikoni nikafunga mlango kwa kiuno. Bakuli lote ndani ya pipa. Sufuria nyingine. Nikaichana trei ya Wifi kwa meno! Uyoga wake nikaupasua kwa vidole, vipande vya ovyo ovyo, kwa sababu uyoga uliokatwa vizuri unaonekana umesoma. Vitunguu, mafuta, moto mkali mpaka ukawa kahawia. Trei tupu nikaikalia kwanza kuibana, kisha nikaitia nyuma ya friji. Wifi akagonga mlango, chumvi gani hiyo inachimbwa? Nikasema inachimbwa.

Nikapakua. Mama akatia kijiko kinywani. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Nikasema moyoni, haya, sponji imetambulika, nimekwisha.

Chozi. Chozi likamtoka Mama, likapita mkunjo wa shavu mpaka kidevuni. Akasema ndio wenyewe. Hii ndiyo ladha ya kwa bibi. Akala. Akala kwa kijiko, akaacha kijiko, akala kwa mkono. Akafuta sahani! Akaomba nyingine! Baba Watoto aliacha kula kumtazama, miwani mkononi, naye macho yake hayakuwa makavu.

Wifi akaonja. Nilimtazama kama paka anavyotazama mlango. Akatafuna kwa madaha, akameza, akakubali kwa shida kwamba wa porini ni wa porini, wa dukani hauna hata chembe ya ladha hii. Wifi! Uyoga wako mwenyewe! Nilikwenda jikoni nikang'ata kitambaa cha vyombo.

Mama akasema begi lake lishushwe. Yeye anakaa hapa hapa, kwa mkwe anayejua. Wifi alilishusha mwenyewe, mabuti yenye maua na yote, na alipokuwa akilitua chumbani nikaona anaunusa ule mto wa mama yake kidogo kabla ya kuuweka kitandani. Nikamfungia chakula kilichobaki aende nacho. Mungu anaandika hayo.

Mei 13, Jumatatu

Nimelala vizuri. Mama kaamka mapema, kala mkate, kaulizia uyoga.

Nimetafakari jambo la jana na sasa naliona sawasawa. Watu wa imani haba wangesema niliogopa. Hapana. Ilikuwa busara tu. Mama amesema ndio wenyewe, na Mama hasemi uongo. Basi nilichagua uyoga sahihi tangu mwanzo. Kweli, uliokuwa kwenye sahani ulitoka kwenye trei, lakini hayo ni mambo madogo ya jikoni.

Tena asubuhi nimemkuta paka wa jirani kando ya pipa, pipa limepinduliwa. Amelala. Amelala sana, lakini anapumua. Nimemtikisa, kafungua jicho moja la shukrani.

Habari imefika kanisani kabla ya jua kupanda. Mwenzangu wa kwaya anataka nimwelekeze. Mke wa mchungaji anauliza kama naweza kuwapikia akina mama wote Jumapili ijayo. Nimekubali. Ningekataaje? Na Wifi, Wifi yule yule, kanipigia simu kwa sauti ya asali, eti wifi yangu kipenzi, nichukue nami bustanini unionyeshe ni upi. Nimemwambia nitamwonyesha. Nimetumia sauti ya mhadhiri.

Mhadhiri mwenyewe amehamia kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Watafaana.

Kwa hiyo leo nafunga duka mapema. Nimeamua kuziboresha zile karatasi zangu za uyoga, maana nimegundua kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye rangi! Nimeazima rangi za watoto, nipake kila picha mwenyewe, kwa kumbukumbu, zipendeze, nizitie nailoni ngumu, nimpe kila mama ya kwake. Mama anachonga kalamu, mimi napaka.

Nyekundu imekwisha. Wenye sumu watakuwa wa bluu.